Mbiu Iliyopigwa Isilie

Wahenga wetu walituachia methali isemayo kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hawakutuachia methali ya mbiu iliyopigwa isilie, kwa kuwa katika zama zao jambo hilo halikuwezekana. Pembe ilipopulizwa, mwenye masikio alisikia, na aliyekuwa mbali shambani aliambiwa na jirani yake. Leo mbiu yetu ni simu ya mkononi. Mbiu hii yaweza kupigwa mara kumi na moja, na anayeitwa akawa ameishika mkononi, ina chaji, ina salio, na macho yake yako juu ya kioo chake, naye asisikie hata mlio mmoja. Ninaliandika jambo hili kwa sababu limenipata mwenyewe, na kwa sababu nimekuja kutambua kwamba limewapata wengi ambao hata hawajui kuwa limewapata.

Asubuhi moja Kinole

Nilikuwa nimetoka Unguja kwenda Morogoro, kuangalia kilimo cha viungo katika Milima ya Uluguru. Mtu wa visiwani akifika Kinole, upande wa mashariki wa milima hiyo, hujiona kama amerudi kwao. Mikarafuu ipo, midalasini ipo, pilipili manga imejizungusha kwenye miti, na migomba, minanasi na michungwa imefunika miteremko. Tofauti ni kwamba kwetu shamba hulala, na kwao shamba husimama. Mkulima hupanda kwenda kuvuna, akateremka na mzigo kichwani.

Asubuhi ya siku ya tatu, yapata saa tatu, niliketi kwenye baraza ya mwenyeji wangu nikaanza kutuma picha ofisini. Zilikuwa picha 20, kila moja ikiwa na uzito wa megabaiti 3 hivi. Juu ya kioo cha simu palikuwa na herufi moja tu, E, ambayo wakazi wa milimani wanaifahamu vizuri. Ni ishara kwamba mtandao uliopo ni wa kizazi cha pili, ule wa pole pole. Kila picha ilichukua dakika kumi au zaidi. Ilipotimia saa sita na nusu kazi ilikuwa imekwisha, nikatia simu mfukoni, nikafuatana na mwenyeji wangu kuteremka bondeni.

Saa kumi na nusu alasiri simu ililia, sauti ikiwa safi kabisa. Alikuwa ndugu yangu wa kike, mdogo wangu. Alisema, "Kaka, tumeshamzika mjomba. Tumekupigia mara kumi na moja. Kwa nini ulizima simu?"

Mjomba aliyenilea alikuwa amefariki alfajiri. Tangu saa tatu jamaa walikuwa wakinitafuta, na kila walipopiga walijibiwa na ile sauti ya adabu isemayo kwamba simu unayopiga haipatikani kwa sasa. Wazee wakashauriana. Wengine walisema azikwe baada ya adhuhuri. Wengine wakasema huenda niko njiani, mahali pasipo na mtandao, basi nisubiriwe. Wakasubiri mpaka alasiri.

Ndugu msomaji, hata kama ningeipata habari ile saa tatu nisingewahi. Kuteremka kutoka Kinole mpaka mjini, kutoka mjini mpaka Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam kuvuka bahari mpaka Unguja, jua lingekuwa limekwisha kuzama. Lililohitajika kwangu lilikuwa neno moja tu: mzikeni, msinisubiri. Kwa kukosekana kwa neno hilo, maiti wa mtu mwema alicheleweshwa, ilhali dini na mila yetu zinatuhimiza kuharakisha maziko.

Niliitazama simu yangu. Katika orodha ya simu ambazo hazikupokelewa hapakuwa na hata moja ya siku ile. Kwa upande wangu, hakuna aliyepiga. Kwa upande wao, mimi nilizima simu. Wote tulikuwa wakweli.

Mtoto aliyekwenda kisimani

Kwa nini simu iliyo wazi iwe kiziwi? Nilirudi na swali hili mjini Morogoro, na baadaye nikalichunguza kwa watu wa ufundi na katika vitabu vyao. Jibu lake si gumu, na lafaa kujulikana na kila mwenye simu.

Simu ya mkononi ikiwa imetulia hufanana na mtoto aliyeketi barazani akisikiliza kuitwa. Mtu anapokupigia, mtambo mkuu wa kampuni hutazama uko katika eneo gani, kisha minara yote ya eneo hilo hutoa wito wa jina lako hewani. Simu yako ikiusikia hujibu "labeka", na hapo ndipo mlio unapoanza. Kazi hiyo yote huchukua sekunde chache, nawe huijui.

Sasa mitandao ya kizazi cha pili, ambayo simu yake ya kwanza ilipigwa Finland mwaka 1991, ilijengwa kwa ajili ya sauti. Usafirishaji wa data uliongezwa baadaye, kiasi cha mwaka 2000, kama mtu anayeongeza chumba cha uani kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa. Simu ya kawaida katika mtandao huo ina sikio moja. Inapokuwa inatuma picha au kupokea video, sikio hilo huwa limeelekezwa kwenye njia ya data. Mtoto ameondoka barazani, amekwenda kisimani kuteka maji. Ataitwa, na ataitwa tena, wala hatasikia mpaka arudi. Mtambo usipojibiwa humwambia aliyepiga kwamba simu haipatikani.

Na hapo ndipo upole wa mtandao unapokuwa hasara. Picha ya megabaiti 3 katika mwendo wa kilobiti 40 kwa sekunde huchukua dakika 10. Picha hiyo hiyo katika mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde huchukua sekunde 12. Mtoto mwenye ndoo huenda kisimani na kurudi kabla hujamaliza kumwita. Mtoto aliyepewa kata ndogo hushinda huko huko. Kwa hiyo ugonjwa huu humwandama zaidi yule ambaye mtandao wake ni dhaifu, ambaye mara nyingi ndiye aliye mbali na hospitali, mbali na soko na mbali na ofisi za serikali. Aliye mjini hausikii kabisa.

Katika mitandao ya kizazi cha tatu simu huweza kuzungumza na kusafirisha data kwa wakati mmoja. Kizazi cha nne kilijengwa kwa ajili ya data tupu. Sauti hupita katika njia hiyo hiyo ikiwa simu na kampuni zote mbili zimewezeshwa, la sivyo simu hulazimika kushuka kwenye mitandao ya zamani kila inapopigiwa. Kushuka huko huchukua sekunde kadhaa, na panapokuwa na mawimbi hafifu simu hupotea njiani. Aidha, simu nyingi tunazotumia zina laini mbili lakini chombo cha mawasiliano ndani yake ni kimoja. Laini moja inapokuwa na mazungumzo, ya pili haisikii. Hivyo mtu anayedhani amejiwekea akiba ya njia mbili, pengine ana njia moja yenye milango miwili.

Milima na kivuli chake

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mambo haya yaonekane Uluguru, mahali ambapo toka mjini unaiona minara kwa macho. Ni kweli kwamba juu ya kilele cha Bondwa, kinachouelekea mji wa Morogoro, kuna milingoti ya mawasiliano. Lakini mawimbi ya simu hupenda kwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mlima unaowamulikia watu wa mbele huwatilia kivuli watu wa nyuma. Milima ya Uluguru hupanda mpaka zaidi ya mita 2,600 katika kilele cha Kimhandu, nayo imekatwakatwa na mabonde ya mito inayoulisha Mto Ruvu, ambao ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Kila bonde ni chumba chenye kuta zake.

Ukiwa katika Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, simu yako inakwenda kwa kasi utakayo. Ukishika barabara iendayo Matombo, ukapita Kiroka na Mkuyuni, ukaanza kuiingilia milima, tarakimu juu ya kioo hubadilika moja baada ya nyingine mpaka ukabaki na herufi E au G. Mawimbi ya masafa ya juu, ambayo huchukua mzigo mkubwa wa data, ndiyo ya kwanza kukwama kwenye kuta za milima. Yale ya masafa ya chini hufika mbali zaidi, na hayo ndiyo yaliyobeba kwa miaka mingi mtandao wa kizazi cha pili. Mwananchi wa bondeni basi huambiwa ana mtandao, naye anao kweli, lakini ni mtandao wa kata ndogo.

Upande wa magharibi ni hivyo hivyo. Huko Mgeta, ambako baridi huruhusu kabichi, karoti, njegere na viazi kustawi, mkulima siku hizi hutuma picha ya mzigo wake kwa dalali wa mjini. Wakati picha inajikokota, dereva wa lori anapiga kuuliza apande au asipande. Anaambiwa hapatikani. Dereva huenda kwa mwingine, na kabichi haimsubiri mtu. Mkulima atasema dalali hana uaminifu, dalali atasema mkulima hana msimamo, na biashara ya miaka itavunjika kwa sababu ya picha moja.

Kuna na jambo la vifurushi. Wananchi wengi hununua kifurushi cha siku moja, ambacho muda wake ukiisha kilichobaki kimepotea. Kwa hiyo mtu huona ni busara kukitumia chote kabla ya saa yake. Huiacha data wazi mchana kutwa, picha na video zikiingia zenyewe kutoka katika makundi ya WhatsApp, naye hajui kwamba kila video inayoingia inampeleka mtoto kisimani.

Visiwani nako

Wasomaji wa visiwani wasidhani kwamba haya ni ya watu wa bara. Pemba ina vilima na mabonde yake, na visiwa vidogo kama Kojani, Tumbatu na Makoongwe vina watu wanaotegemea minara iliyo ng'ambo ya maji. Mvuvi aliye baharini ana tatizo la ziada: mtandao wa kawaida wa kizazi cha pili umewekewa mpaka wa kilomita 35 kutoka kwenye mnara, hata kama bahari ni tambarare na hakuna cha kuzuia. Zaidi ya hapo mnara haukubali kuzungumza na simu.

Juu ya hayo, watoto wetu wako huko. Vijana kutoka Unguja na Pemba wanasoma katika vyuo vya Morogoro, na wanaosomea kilimo hupelekwa vijijini kwa mafunzo ya vitendo. Mzazi aliyeko Wete au Makunduchi akiambiwa mara tano kwamba mwanawe hapatikani, usiku ule halali. Kijana naye yuko hai, mzima, anapakia ripoti yake ya chuo kwa mtandao wa E.

Lawama isiyo na mwenyewe

Zamani tulipokuwa tukibipu, yaani kupiga na kukata kabla ya kupokelewa, tulikuwa na lugha yetu. Simu iliyolia mara moja ilimaanisha nipigie. Iliacha alama, na alama hiyo ilikuwa ujumbe. Simu iliyopotea kwa sababu ya data haiachi alama kwa aliyepigiwa, na kwa aliyepiga huacha neno moja zito: hapatikani.

Neno hilo tumelipa maana lisilokuwa nayo. Mke husikia hapatikani akaelewa kwamba mume ana jambo analolificha. Mdai husikia hapatikani akaelewa kwamba mdaiwa anamkimbia. Mkuu wa ofisi husikia hapatikani akaelewa kwamba mtumishi ni mtoro. Wajomba zangu walisikia hapatikani wakaelewa kwamba mtoto wa dada yao amejifanya mkubwa. Ilinibidi niketi nao siku nzima kuwaeleza habari ya minara na visima, na sina hakika kwamba wote waliniamini.

Nilimwuliza ndugu yangu kwa nini hakuniandikia. Alinijibu kwamba habari ya msiba husemwa kwa mdomo, haiandikwi. Ni kweli, hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Lakini wazee wetu hao hao walikubali telegramu yenye maneno matatu, na walikubali habari za vifo zisomwe redioni, kwa sababu walijua kwamba adabu isiyomfikia mtu haimsaidii. Nadhani wakati umefika wa kuikubali na maandishi, angalau pale sauti inaposhindwa.

Maisha yaliyotundikwa kwenye mlio mmoja

Kuna mahali ambapo kosa hili laweza kuchukua roho. Mwaka 2022 nchi yetu ilizindua kitaifa mpango wa m-mama, wa kuwasafirisha kwa dharura wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, Tanzania Bara na Zanzibar. Mtu hupiga namba 115 bila malipo; mhudumu wa kituo huuliza hali ya mgonjwa, kisha huita gari la wagonjwa, na lisipopatikana huita dereva wa jamii aliyesajiliwa katika eneo hilo. Ni mpango mzuri, na ubora wake uko katika kule kumtumia jirani mwenye gari.

Lakini tufikirie. Mpango wote unasimama juu ya simu moja ya dereva mmoja. Ikiwa saa nane ya usiku dereva huyo amelala na simu yake inajipakulia video za makundi katika mtandao dhaifu, mhudumu atapiga, ataambiwa hapatikani, na atatafuta mwingine. Katika mji madereva ni wengi. Katika bonde la Uluguru, au katika kisiwa kidogo, huenda mwingine hayupo. Mama anayetoka damu hahesabu vizazi vya mitandao, anahesabu dakika.

Kadhalika mganga na muuguzi wa zahanati ya kijijini. Tunawataka watume taarifa zao kwa mtandao, nao hutii. Wanapotuma kwa simu hiyo hiyo ambayo wananchi huipiga wakati wa dharura, tumewapa kazi mbili zinazogombana, na hatukuwaambia.

Yaliyo mikononi mwetu

Mwananchi hana uwezo wa kujenga mnara, lakini yapo anayoweza kuyafanya leo.

La kwanza, mtu anayesubiri habari nzito na azime data. Simu na ibaki simu. Picha zitumwe usiku, au siku ya kuteremka mjini. Aliye zamu, awe dereva, mkunga au mlinzi, kwake hili liwe sharti.

La pili, mwenye uwezo awe na simu ndogo ya vitufe, ile tunayoiita kitochi, kwa ajili ya kupigiwa tu. Ni ya bei nafuu, chaji yake hudumu siku nyingi, na haina safari za kisimani. Nimewaona wazee wa Uluguru wanaoishika simu janja mkono mmoja na kitochi mkono wa pili. Nilidhani ni fahari. Kumbe ni hekima.

La tatu, simu yaweza kuamriwa kwamba isipopatikana, anayepiga apelekwe kwenye namba nyingine, ya mke, ya jirani au ya ofisi. Katika mitandao mingi mtu hubonyeza **62*, akaandika namba hiyo, akamalizia kwa # na kupiga. Akitaka kuondoa hubonyeza ##62#. Kwa kawaida gharama ya kuelekezwa huko humwangukia mwenye simu, basi ajue.

La nne ni la anayepiga. Ukiambiwa hapatikani, andika ujumbe mfupi wa kawaida. Ujumbe huo hauhitaji data. Huwekwa kwenye mtambo ukangoja, na simu ikirudi barazani hukabidhiwa. Kisha piga tena baada ya robo saa, na ikishindikana mpigie jirani yake. Zaidi ya yote, usihukumu. Ndugu zangu wangeniandikia maneno matano tu, mjomba amefariki leo, tupigie haraka, mambo yangekuwa mengine.

Neno kwa wenye madaraka

Yaliyobaki si ya mwananchi. Mambo ya posta na simu ni ya Muungano, na vyombo vya kuyasimamia tunavyo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ili kupeleka huduma mahali ambapo faida peke yake isingeipeleka. Kanuni za ubora wa huduma zilitolewa mwaka 2018. Mwaka 2023 serikali ilitia saini na makampuni ya simu mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Hizi ni kazi za kusifiwa, na hakuna atakayezibeza isipokuwa aliyesahau tulikotoka.

Hata hivyo, mnara uliosimama ni mwanzo wa huduma. Mkaguzi anapokwenda Kinole, Mgeta au Kojani, asiridhike na kuona taa ya mnara inawaka na vijiti vya mtandao vimejaa kwenye simu yake. Na ajaribu hili: simu moja ianze kutuma picha, nyingine iipigie. Ihesabiwe ni mara ngapi italia. Jaribio hilo halihitaji chombo cha fedha nyingi, na matokeo yake yatasema ukweli ambao takwimu za kuenea kwa mtandao hazisemi.

Dawa ya kiufundi ipo. Mtambo wa sauti na mtambo wa data vyaweza kuunganishwa, ili simu iliyo kwenye njia ya data ipelekewe wito wake huko huko. Yaani mtoto afuatwe kisimani. Dawa iliyo bora zaidi ni kuipandisha minara ya kizazi cha pili, ili kata ndogo igeuke ndoo. Makampuni yatasema gharama ni kubwa na watu wa mabondeni ni wachache. Ndiyo maana Mfuko uliundwa. Nao wananchi wasinung'unike kimya kimya. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni, na yasiposikilizwa hupelekwa kwa Mamlaka, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano kwa ajili ya kuwasemea.

Tena kuna jambo lisilohitaji hata senti moja. Siku hizi ofisi nyingi huita mikutano, hutoa maagizo na hata kuandika barua za kujieleza kwa njia ya makundi ya WhatsApp. Mtendaji wa kijiji cha milimani au sheha wa kisiwa kidogo huulizwa kwa nini hakuhudhuria, ilhali tangazo lilimfikia siku ya pili yake. Kiongozi na aangalie alama. Alama moja ya vema ina maana ujumbe umetoka kwake. Haina maana umefika. Na neno hapatikani lisiandikwe katika jalada la mtumishi kama kosa mpaka ijulikane alikuwa chini ya mnara gani.

Historia ya milima hii ina fundisho juu ya jambo hilo. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Amri zilipanda mlima kila siku. Malalamiko ya wakulima hayakupata njia ya kuteremka. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango ukaachwa. Wakati huo hapakuwa na simu mfukoni mwa mtu. Lakini kosa la kudhani kwamba nimesema, basi wamesikia, lilikuwa ni lile lile.

Nilipokwenda kuzuru kaburi la mjomba, ndugu yangu mdogo alinieleza jambo ambalo hakuthubutu kuniambia kwenye simu. Mzee alipozidiwa usiku ule aliuliza niko wapi. Alipoambiwa niko milimani Morogoro, nimekwenda kutazama mikarafuu, alicheka kidogo akasema basi niachwe, nisisumbuliwe. Ruhusa alikuwa amekwisha kunipa. Waliobaki hawakuitumia, kwa kuwa walitaka kuisikia kutoka kwangu.

Tangu siku hiyo, kila ninaposafiri huzima data ifikapo saa ya kulala, na huiacha simu karibu na kichwa. Nikiitwa, nataka niwe barazani.